Besi ya Kijapani Iliyokwanguliwa Jina: Namna ya Kuitambua na Kujua Mwaka Wake

Kijana mmoja mpiga besi aliniletea gitaa lake likiwa limezungushiwa shuka kwa kukosa mfuko. Jina la kichwani lilikuwa limekwanguliwa kwa kisu mpaka mbao nyeupe ikaonekana. Nyuma, pale shingo inaposhikana na bodi, palikuwa na bamba jipya linalong'aa, halina hata herufi moja. Aliyemuuzia alimwapia kwamba ni Fender ya Marekani ya mwaka 1957, na ushahidi wake ulikuwa namba iliyoandikwa kwa penseli chini ya shingo, inayoanza na 57.

"Fundi, mimi nataka ukweli tu," akaniambia. "Hata ikiwa ya juzi nitaipiga vilevile."

Besi ile haikuwa ya Marekani, na haikutengenezwa mwaka 1957. Ilitoka Japani, na ile 57 ilikuwa sahihi kabisa kwa anayejua kuisoma. Nitaieleza tukifika kwenye shingo. Nimeanza nayo kwa sababu ndani yake kuna jambo ninalotaka ulishike: besi ya Kijapani ya zamani haitambuliki kwa kusoma kitu kimoja. Jina la kichwani huwa la mwenye duka, namba huwa na maana mbili, na kutu hudanganya. Kila sehemu ni shahidi, na kila shahidi ahojiwe peke yake kabla hujawakutanisha.

Kabla ya yote, usisafishe

Najua hamu ilivyo. Umeipata besi ina vumbi la miaka, mkono unakimbilia kitambaa na mafuta ya taa. Acha. Stika ndogo ya nyuma ya kichwa, mhuri wa wino ndani ya tundu la shingo, maandishi ya penseli, hata rangi ya lehemu kwenye nyaya, vyote hivyo ni habari na vingine hufutika kwa kupanguswa mara moja tu. Nimewahi kuona mhuri ukiondoka na spiriti mbele ya macho yangu, na hakuna namna ya kuurudisha.

Piga picha kwanza: mbele, nyuma, kichwa pande zote mbili, daraja, vitasa vya kukazia nyuzi, kila skrubu inayoonekana. Halafu andaa futi yenye milimita, taa ndogo, kioo kidogo cha mkononi, bahasha za kutunzia skrubu (moja kwa kila sehemu, na iandike), na bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa. Skrubu za Kijapani zina msalaba unaofanana kwa macho na wa Kimarekani, lakini bisibisi isiyo yake huteleza na kula kichwa cha skrubu. Ukiweza, azima ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti za bandia. Itatufaa baadaye.

Pima urefu wa sauti

Pima kutoka kwenye kile kipande chenye mifereo kinachopokea nyuzi juu ya shingo hadi katikati ya freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), kisha zidisha mara mbili. Usipime hadi darajani, kwa sababu vikalio vya nyuzi husogezwa.

Ukipata karibu milimita 381, urefu wote ni 762, nayo ni besi fupi ya inchi 30. Ukipata 406 hivi, ni ya inchi 32. Ukipata 432, ni besi ndefu ya inchi 34, yaani milimita 864, kipimo cha Fender na karibu kila aliyeiga Fender.

Kipimo hiki peke yake hakikupi mwaka, ila kinakupa upande wa kuelekea. Besi nyingi za Kijapani za miaka ya 1960, hasa zile za bei nafuu zilizosafirishwa kwa wingi kwenda Marekani na Uingereza, zilikuwa fupi. Ukiona besi fupi yenye swichi nyingi kupita mahitaji, kibati cha chuma kinachong'aa juu ya bodi na freti ya ziada mwanzoni kabisa mwa shingo, anza kufikiria miaka hiyo. Besi ndefu yenye umbo la Precision au Jazz Bass, modeli mbili za Fender, ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ya miaka ya 1970 au 1980.

Jina la kichwani na kiwanda ni vitu viwili

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Katika Japani ya miaka ile, kampuni zilizomiliki majina nyingi zilikuwa za biashara. Hoshino ya Nagoya ilimiliki Ibanez, Kanda Shokai ya Tokyo ilimiliki Greco, Arai ya Nagoya ilimiliki Aria. Kazi ya mbao ilifanywa na viwanda vingine, na vingi vilikuwa katika mji wa Matsumoto, mkoa wa Nagano. FujiGen Gakki, kilichoanzishwa mwaka 1960, kilitengeneza Ibanez na Greco, na baadaye Fender za Japani. Matsumoku, mji huohuo, kilitengeneza Aria Pro II, Westone, Epiphone za Kijapani na majina mengine mengi, mpaka kilipofungwa mwaka 1987.

Matsumoku nina mapenzi nao ya pekee. Kabla ya magitaa walikuwa maseremala wa makabati, na miongoni mwa kazi zao za mwanzo ni makasha ya mbao ya cherehani za Singer. Cherehani hizo ziko katika nyumba nyingi za kwetu. Ukishika shingo ya besi ya Matsumoku ukaona vipande vya mbao vilivyoungwa bila nafasi ya kupitisha hata karatasi, utaelewa kwamba mikono ile ilikuwa imezoea kazi safi tangu mwanzo.

Upande wa Hamamatsu kulikuwa na Yamaha, Kawai na Tokai. Hao walikuwa na viwanda vyao na majina yao, kwa hiyo ni rahisi kidogo kuwafuatilia. Hata hivyo Kawai iliinunua Teisco mwaka 1967, na jina la Teisco likaendelea kuuzwa baada ya hapo. Maana yake, "Teisco" ya mwaka 1966 na ya mwaka 1969 ni vitu tofauti ingawa kichwani ni jina lilelile.

Ukikutana na jina kama Kent, Kingston, Silvertone au jina la duka ambalo hujawahi kulisikia, usikate tamaa wala usiliamini. Muagizaji wa Marekani aliagiza shehena, akabandikiwa jina alilotaka. Kiwanda kimoja kilitoa majina kumi, na jina moja lilihama kutoka kiwanda hadi kiwanda kufuata bei. Kwa besi za aina hii kiwanda hutambulika kwa vifaa: umbo la pikapu (ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi), umbo la daraja, namna mkia wa shingo ulivyokatwa. Tafuta picha za besi nyingine zenye vifaa vilevile, hata kama kichwani pameandikwa jina jingine.

Maneno ya nchi

Tafuta "Made in Japan" nyuma ya kichwa, kwenye bamba la shingo, au mwishoni mwa shingo karibu na pikapu. Sheria ya Marekani ilitaka bidhaa ya nje ionyeshe nchi ilikotoka, ndiyo maana besi zilizouzwa nje zina maneno hayo. Za soko la ndani la Japani mara nyingi hazina, kwa sababu mnunuzi wa Osaka hakuhitaji kuambiwa. Kwa hiyo kukosekana kwa maneno hayo hakuondoi Japani. Tena wakati mwingine yaliandikwa kwenye stika ya karatasi iliyobanduka zamani.

Bamba lenye maneno "Steel Adjustable Neck" pamoja na "Japan" huonekana sana kwenye magitaa ya Matsumoku ya miaka ya 1970. Na ukisoma "Crafted in Japan" kwenye Fender, basi umevuka karibu mwaka 1997. Maneno hayo hayakuwepo kwenye Fender za miaka ya 1980.

Namba ya mfululizo, na kwa nini isiwe shahidi wa kwanza

Nimeiweka namba hapa katikati kwa makusudi. Mtu akianza na namba, kila kitu kingine atakisoma kwa macho ya namba ile.

Ibanez na Greco. Kuanzia mwaka 1975 hivi, namba inaanza na herufi ya mwezi: A ni Januari, B ni Februari, mpaka L ambayo ni Desemba. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, na nne za mwisho ni hesabu ya uzalishaji. L771234 ni Desemba 1977. Ibanez za kabla ya hapo kwa kawaida hazina namba.

Sasa angalia mtego. Kuanzia mwaka 1987 Ibanez walibadilisha mtindo. Herufi F ikawa alama ya kiwanda cha FujiGen, tarakimu ya kwanza ikawa mwaka, na tano zilizobaki hesabu. Chukua namba F812345. Kwa mtindo wa zamani ni Juni 1981. Kwa mtindo mpya ni FujiGen 1988. Herufi moja, tarakimu sita, miaka miwili tofauti kabisa, na namba yenyewe haitakuambia ipi ni ipi. Atakayekuambia ni umbo. Ikiwa ni besi ya Musician au Roadster, nzito, yenye mwonekano wa mwisho wa miaka ya 1970, ni 1981. Ikiwa ni SR nyembamba yenye pembe ndefu, ni ya 1988, kwa sababu familia ya SR ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Fender na Squier (jina la pili la Fender) za Japani. Fender Japan iliundwa mwaka 1982 kwa ubia wa Fender wenyewe, Kanda Shokai na Yamano Gakki, na FujiGen ndiye aliyetengeneza. Namba za mwanzo zinaanza na JV, nazo ni za 1982 hadi 1984. SQ ni 1983 hadi 1984. E ni 1984 hadi 1987. A, B na C ni 1985 hadi 1986. F ni 1986 hadi 1987, G ni 1987 hadi 1988, H ni 1988 hadi 1989, I na J ni 1989 hadi 1990, K ni 1990 hadi 1991, L ni 1991 hadi 1992, M ni 1992 hadi 1993. Miaka inapandana hivyo kwa sababu shingo na mabamba yaliyobaki ghalani yaliendelea kutumika. Kumbuka pia kwamba Fender za Marekani za miaka ya 1980 nazo zilianza na E. Kinachozitenganisha ni maneno ya nchi, siyo herufi.

JV ndizo zinazotafutwa kuliko zote, na sababu ipo. Zilikuwa juhudi ya kwanza ya kuiga kwa uaminifu besi za Marekani za miaka ya 1950 na 1960, na zile za daraja la juu zilifungwa pikapu kutoka Marekani. Squier za mwanzo kabisa zina neno "Fender" kubwa kichwani na "Squier Series" kwa herufi ndogo pembeni. Baadaye Squier likawa ndilo jina kubwa.

Yamaha. Walianza kutoa magitaa na besi za umeme mwaka 1966. Kwa nyingi za miaka ya 1980 na 1990 walitumia herufi badala ya tarakimu: H ni 1, I ni 2, J ni 3, K ni 4, L ni 5, M ni 6, N ni 7, O ni 8, P ni 9, na kwa mwaka Q ni 0. Kwa mwezi, X ni 10, Y ni 11 na Z ni 12. Herufi ya kwanza ni mwaka, ya pili mwezi. Namba inayoanza na LJ ni Machi ya mwaka unaoishia na 5, ambao unaweza kuwa 1985 au 1995. Tena modeli ndiyo itakayoamua.

Aria Pro II na ndugu zake wa Matsumoku huficha mwaka mwanzoni mwa namba, mara tarakimu moja, mara mbili. Namba inayoanza na 81 huenda ni ya 1981, huenda ni ya 1988 kama si ya Matsumoku tena. Kwa hizi, namba ni mwanzo wa swali tu.

Fungua shingo

Kama shingo imefungwa kwa skrubu nne, hapa ndipo penye hazina. (Kama mbao ya shingo inapita katikati ya bodi mpaka mkiani, kama ilivyo Aria SB-1000, hakuna cha kufungua, ruka uende kwenye umeme.)

Legeza nyuzi zote polepole, ukianza na nene, mpaka zilale. Weka besi kifudifudi juu ya taulo. Legeza skrubu nne kidogo kidogo kwa zamu, usitoe moja yote wakati nyingine zimekaza. Zikishatoka, usiing'oe shingo kwa nguvu. Ishike karibu na mkia, itikise kwa upole kwenda juu na chini. Vanishi iliyoganda ukingoni ikilia, pitisha wembe mwembamba kuzunguka kwanza, vinginevyo itabanduka na kipande cha bodi.

Kukiwa na vipande vya karatasi au plastiki nyembamba ndani ya tundu, vipige picha vilivyokaa kabla hujavigusa. Sasa leta taa kwa ubavu, isimulike moja kwa moja. Mwanga wa kulala huamsha penseli iliyofifia na mihuri iliyokanyagwa na rangi. Tazama mkia wa shingo na sakafu ya tundu, yote mawili.

Kwenye besi ya yule kijana, mkiani palikuwa na 57.4.21 kwa penseli. Na hapa nakiri kwamba miaka ya nyuma, mara ya kwanza kuona maandishi ya namna hiyo, nami nilisoma 1957, nikamwambia mwenye gitaa, na nikalazimika kumrudia kumwomba radhi. Wajapani huandika tarehe kwa kuanza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku. Na mwaka wao mara nyingi si huu wetu, bali ni wa enzi ya mfalme. Enzi ya Showa ilianza mwaka 1926, kwa hiyo mwaka wa Showa unaongezwa 1925. Showa 57 ni 1982. Tarehe ile ilikuwa 21 Aprili 1982.

Wakati mwingine enzi huandikwa wazi kwa herufi zao, 昭和, au kwa S mbele ya namba. Showa iliisha tarehe 7 Januari 1989, na kesho yake ikaanza Heisei, hivyo "1" au "2" yenye H mbele ni 1989 au 1990. Namba zilizo kati ya 50 na 63 kwenye besi ya umeme ya Kijapani karibu zote ni za Showa, yaani 1975 hadi 1988. Ila isome pamoja na umri wa modeli, kwa sababu mafundi wengine waliandika mwaka wa kizungu kwa tarakimu mbili: 83 ni 1983, haiwezi kuwa Showa, kwani Showa haikufika huko.

Kumbuka tarehe ya shingo ni siku ambayo shingo ilimalizika. Besi kamili huja wiki au miezi baadaye.

Umeme

Fungua kifuniko cha nyuma au kibati cha mbele. Usiguse chuma cha kuchomelea, unatazama tu.

Chomoa kitasa cha poti ya sauti (poti ni kile kidhibiti kinachozungushwa kupandisha au kushusha sauti au toni) na uhesabu meno ya mhimili wake. Poti za Kijapani zina meno 18 na mhimili wa milimita 6. Za Kimarekani zina meno 24. Hili ni jambo dogo lenye nguvu kubwa, kwa sababu muuzaji anaweza kubandika jina lolote kichwani lakini hakuna anayekumbuka kubadilisha meno ya poti.

Kisha soma mgongo wa poti. Za Kimarekani zina namba ndefu: tatu za mwanzo ni kiwanda (137 ni CTS, 304 ni Stackpole), mbili ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Za Kijapani zina muhuri mfupi na kila mtengenezaji alikuwa na mtindo wake, kwa hiyo zitumie kuthibitisha jambo ulilokwisha kulipata kwingine.

Kwenye besi ya kijana yule poti ya sauti ilikuwa na meno 24 na namba 1378847. Hiyo ni CTS ya wiki ya 47 ya mwaka 1988. Kwa haraka ungesema besi ni ya 1988 na ya Marekani. Lakini tazama lehemu. Kwenye poti ya toni, yenye meno 18, lehemu ilikuwa laini, imetandaa, imechakaa rangi sawasawa na nyaya. Kwenye ile ya sauti ilikuwa kibonge kimerundikana, na chini yake mabaki ya lehemu ya zamani. Tundu la bodi nalo lilikuwa limepanuliwa kwa tupa, kwa sababu shingo ya poti ya Kimarekani ni nene kuliko ya Kijapani. Basi poti hiyo iliingia baadaye, mwishoni mwa 1988 au baada yake. Hainiambii besi ilizaliwa lini, ila inaniambia kwamba ilishawahi kupita kwa fundi mwingine.

Pikapu nazo zigeuze kwa uangalifu. Nyingi za Ibanez na Greco zilitengenezwa na Nisshin Onpa, wanaojulikana kwa jina la Maxon, na zina namba zilizogongwa chini. Piga picha, linganisha na nyingine za modeli hiyohiyo.

Mbao, vanishi na kutu

Tazama ndani ya tundu la pikapu, ambako rangi huwa nyembamba. Ukiona mistari ya tabaka kama ya plaiwudi, una besi ya bei nafuu, mara nyingi ya miaka ya 1960 au mwanzo wa 1970. Haimaanishi haina sauti. Wajapani walitumia sana pia seni, mti wa kwao wenye mistari inayofanana mno na ashi ya Kimarekani ila mwepesi wa rangi, na basiwudi, ambayo ni laini na karibu haina mistari.

Washa taa ya zambarau gizani. Vanishi ya zamani ambayo haijaguswa huonyesha rangi ya namna moja kote. Mahali palipopakwa upya huonekana kama kiraka, hata kama mchana palionekana pamoja na pengine. Tazama pia nyuma ya kichwa: matundu madogo ya skrubu yaliyozibwa kando ya vitasa yanasema vitasa vya mwanzo viliondoka.

Kuhusu kutu nina neno moja kwa wenzangu wa pwani. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Unguja itaila besi ya mwaka 2010 mpaka uiapie ni ya mwaka 1965. Besi iliyolala ndani ya kasha kavu Nagano tangu 1979 itang'aa kama ya dukani. Kutu hukuambia besi ilikaa wapi. Mwaka utafute kwingine.

Bei iliyofichwa ndani ya modeli

Viwanda vya Japani vilikuwa na desturi nzuri ya kuweka bei ya dukani ndani ya jina la modeli. Aria SB-1000 iliuzwa yeni 100,000. Yamaha BB1200, iliyotoka mwaka 1977, iliuzwa yeni 120,000. Fender JB62-115 ni yeni 115,000, na JB62-75 ni yeni 75,000, besi mbili za umbo moja zenye tofauti kubwa ya mbao, vanishi na pikapu.

Na usikubali ile 62 ikuvute. Inataja mwaka wa Jazz Bass ya Kimarekani iliyoigwa. Besi yenyewe ni ya 1982 au baadaye.

Ukishajua modeli, tafuta katalogi ya zamani ya kampuni hiyo. Wapenzi wamezipiga picha nyingi na kuziweka mtandaoni. Elekeza kamera ya simu kwenye Kijapani ikutafsirie. Linganisha mambo matatu: umbo la kichwa, idadi ya vitasa vya kudhibiti sauti, na daraja. SB-1000, kwa mfano, ina pikapu moja tu na swichi ya kuzungusha yenye nafasi sita. Yenye pikapu mbili ni modeli nyingine, hata muuzaji aseme nini.

Utalikuta pia neno la "kesi" kwenye matangazo. Tarehe 28 Juni 1977 Norlin, waliomiliki Gibson, waliwashtaki Elger, tawi la Ibanez Marekani, mahakamani Philadelphia, kuhusu umbo la kichwa cha gitaa. Wakapatana nje ya mahakama mwaka 1978. Basi. Leo kila nakala ya Kijapani, hata ya Fender ambaye hakuhusika na shauri hilo, huuzwa kama "gitaa la kesi". Neno hilo halitaji kiwanda wala mwaka, kwa hiyo usilipe hata senti kwa ajili yake.

Kukutanisha mashahidi

Chukua karatasi, chora safu mbili. Upande mmoja andika sehemu, upande wa pili mwaka ambao sehemu hiyo inaruhusu, siyo unaoutaka wewe. Kisha weka alama kwenye kila sehemu yenye dalili ya kubadilishwa: lehemu mpya, tundu la ziada, kiraka cha vanishi. Zilizobaki bila alama zipatane. Besi haiwezi kuwa ya zamani kuliko sehemu yake changa zaidi ambayo haijabadilishwa. Zikigongana, rudi kwenye picha ulizopiga mwanzo. Mara nyingi kuna skrubu uliyoipita.

Shingo na bodi zitazame zaidi ya vyote. Zikitoka kwenye magitaa mawili, skrubu hazikai katikati ya matundu na utaona mwanya ubavuni. Hilo lisemwe waziwazi kwa mnunuzi hata kama sauti ni tamu.

Kwa besi ya yule kijana niliandika hivi: Urefu milimita 864. Umbo la Precision. Shingo na bodi ni za pamoja tangu mwanzo. Matundu yanalingana na alama ya vanishi ukingoni haijavunjika. Shingo imeandikwa kwa penseli 21 Aprili 1982. Bodi ya seni. Poti ya toni ya Kijapani, ya asili. Poti ya sauti ya Kimarekani, imewekwa mwishoni mwa 1988 au baadaye. Bamba la shingo si la asili. Jina limekwanguliwa mpaka kwenye mbao, halisomeki hata kwa taa ya zambarau. Nchi: Japani. Mwaka: 1982. Kiwanda: hakijathibitika.

Sikuandika FujiGen wala JV, ingawa ingempa bei nzuri. Hakuna sehemu iliyonipa ruhusa hiyo.

Nilimrudishia shingo mahali pake, nikaikaza kwa zamu kama nilivyoifungua, nikaweka nakala ya karatasi ndani ya kifuniko cha nyuma. Akaisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni.

"Fundi, hiyo tarehe ishirini na moja ilikuwa siku gani?"

Nikaangalia kalenda kwenye simu. Jumatano.